Shajara ya mradi: Kupasua filta sita za oili za bei poa (IST, injini 1NZ-FE)

Jumamosi, 8 Machi 2025: Kilichonianzisha, na manunuzi

Gari yangu ni Toyota IST ya NCP61, injini 1NZ-FE, inapiga teksi ya mtandaoni hapa Dar. Tangu nimwage oili mwezi uliopita, kila asubuhi nikiwasha, taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima. Nimeirekodi kwa simu asubuhi tatu mfululizo: sekunde tatu na nusu, nne, nne. Muda huo wote injini inachachatika kule juu kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Taa ikizima, kelele inakata. Mchana, injini ikiwa ya moto, zima uwashe mara kumi na huoni kitu.

Oili ni ileile ya siku zote, 5W-30, na kipimo kiko sawa, lita 3.7 pamoja na filta. Sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, haivuji tena, maana mwezi wa kwanza niliishusha mwenyewe nikaipaka ile gasketi ya tyubu, gundi ya kuzibia inayokamuliwa. Kitu pekee kilichobadilika ni filta. Siku ile sikuwa na hela, nikaweka ya 5,000.

Fundi wangu anasema pampu ya oili imechoka. Labda. Lakini pampu ni hela ndefu, filta ni hela ya chai. Nimeona nianze na za chai.

Asubuhi nzima nimezunguka Gerezani, mtaa wa maduka ya spea hapa Dar. Wanaonunua kwa namba, filta hii ni 90915-10003, ingawa ukisema tu "filta ya IST" unawekewa mezani kabla hujamaliza. Nimechukua sita na kuziandika herufi kwenye kitako kwa maka pen: A ya 4,000, B ya 5,000 (ndugu wa hiyo iliyo kwenye gari), C ya 6,500, D ya 9,000, E ya 13,000, na F ya 24,000 kutoka duka la wakala, na risiti juu. Jumla 61,500. Majina ya kwenye maboksi siyaandiki humu, na mkifika mwezi wa nne mtaelewa kwa nini jina la boksi halinisaidii mimi wala nyie.

Duka moja nusura waniuzie balaa. Filta ilifanana na nyingine zote kwa nje, lakini nilikuwa na vernia ya plastiki, ile ya kupimia vipenyo (8,000), nikapima tundu la katikati. Nyuzi za injini hii ni 3/4-16 (kipenyo robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa kila inchi), na tundu lake kwa ndani linapima kama milimita 17.5. Ile ilikuwa zaidi ya 18, maana yake ni M20, nyuzi za kipenyo cha milimita 20. Ukiifunga inaingia, inazunguka, unaona imekaa. Halafu siku moja presha inaivua ukiwa barabarani. Nikairudisha kaunta, muuzaji akasema, "Kaka, wengi wamechukua hiyo na hawajarudi."

Kitu kimoja cha kukumbuka kwa baadaye: muuzaji wa A alinipa niishike mkononi nisikie uzito. Kwenye mizani ni gramu 243. F, ya wakala, ni 208.

Jumapili, 9 Machi: Kosa la kwanza na la pili, siku moja

Kosa la kwanza ni kifungulia kopo (3,500). Nilikuwa na picha kichwani ya kuzungusha mdomo wa filta kama kopo la nyanya. Bati la filta halina huruma hiyo. Robo mzunguko tu, mpini ukapinda na gurudumu likatoka kwenye ekseli yake.

Kosa la pili ndilo limeniuma. Nimechukua grenda, jiwe jipya la 2,500, nikakata A dakika moja. Nilipofungua, mikunjo yote ya karatasi ilikuwa imejaa unga mweusi unaometameta. Nikafurahi, nikijua nimewakamata watu. Nikapiga picha, nikamtumia fundi: "Ona uchafu wa kiwandani." Akanijibu kwa sauti, anacheka mpaka anakohoa, "Hilo jiwe lako hilo, kaka."

Nimepitisha sumaku juu ya karatasi, ikatoka na ndevu. Cheche zimeunguza ukingo wa karatasi na gundi inanuka. Sasa siwezi kusema lolote kuhusu A, kwa sababu sijui kipi kililetwa na kiwanda na kipi nimekileta mimi. Filta ya 4,000 imekwenda bure. Anayetaka kuiga kazi hii, grenda ibaki kwenye sanduku lake.

Jumamosi, 15 Machi: Njia iliyokubali, na kosa la mpangilio

Jirani yangu ni fundi bomba. Ana kile kikata bomba cha gurudumu, kikubwa, kinashika hadi bomba la inchi tatu. Filta hii ina kipenyo cha kama milimita 65, inakaa humo bila taabu. Nimempa 5,000 kwa heshima.

Weka gurudumu sentimita moja kutoka ukingo wa mdomo. Zungusha, kaza kidogo, zungusha, kaza kidogo. Ukikaza kwa pupa kopo linabonyea ndani na kuvunja karatasi (nimeibonyeza B kidogo, haikudhuru). Hakuna unga hata chembe. Nimepasua B na C kwa robo saa.

Kwa asiyewahi kuona ndani: oili inaingia kwa vitundu vya pembeni mdomoni, inainua ulimi wa mpira, inajaa kuzunguka karatasi, inapenya hadi bomba la katikati, kisha inatoka kwa tundu kubwa lenye nyuzi kwenda kwenye injini. Ukizima gari, ulimi unalala na kuziba vile vitundu, oili isirudi chini ikaacha filta tupu. Halafu kuna baipasi, mlango mdogo wenye springi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kupita kiasi, mlango unafunguka, maana afadhali injini ipate oili isiyochujwa kuliko kukosa kabisa.

C ilinidanganya kwa dakika kumi. Nilihesabu mikunjo 72, nikaikunjua karatasi nikapata sentimita 158 kwa kimo cha 4.4, yaani karibu sentimita za mraba 695. Nikaandika kwenye daftari "C nzuri sana". Kisha nikarudi kwenye picha nilizopiga kabla ya kuikunjua. Mikunjo imebanana na kushikana makundi makundi, kama kurasa za daftari lililolowa mvua. Oili haiwezi kuingia katikati ya mikunjo iliyogandana, kwa hiyo eneo nililopima kwa rula si eneo litakalofanya kazi. Na pale ncha mbili za karatasi zinapokutana, gundi imeruka kama sentimita mbili. Nimepitisha ukucha, ukaingia wote. Oili haina ujinga wa kupenya kwenye karatasi wakati kuna mlango uko wazi.

Nimefuta "nzuri sana".

Halafu nikakumbuka. Kupima ulimi kunataka filta nzima, na mimi nina mbili zimepasuliwa mezani na moja iliyounguzwa. Jumatatu nitarudi Gerezani kununua A, B na C upya: 15,500. Pima kwanza, pasua baadaye. Naandika hivi kwa kuwa ningeambiwa hivi ningebaki na hela yangu.

Jumamosi, 22 Machi: Ulimi

Jaribio la kwanza: nikajaza kila filta oili safi niliyobaki nayo, nikaziba tundu la katikati kwa kizibo cha chupa nilichokichonga, nikaipindua mdomo chini juu ya bakuli. Ulimi ukivuja, oili itadondoka kwenye vitundu vya pembeni. Nusu saa ikapita. Zote sita zimefaulu! Hata A.

Sikuamini. Nikachukua waya wa baiskeli, nikaingiza kwenye vitundu vya A na kuinua ulimi kabisa, nikapindua tena. Matone machache, kisha kimya. Yaani hata bila ulimi "imefaulu". Ndipo nikajiona mjinga: ni mrija wa soda huo, umeziba juu kwa kidole. Hewa haiingii, oili haitoki.

Dawa yake ni tundu la milimita mbili kwenye kitako cha kila filta (biti 1,500). Hewa ikapata njia na ukweli ukatoka. A ilimwaga yote kabla ya dakika kumi. B na E zilidondoka polepole, tone, tone, na asubuhi bakuli zao zilikuwa na karibu robo tatu ya nilichojaza. C ilitoa vijiko viwili vitatu. D na F ziliacha alama ya mafuta chini ya bakuli, ya kufuta kwa kidole.

Fundi alipita jioni akaniambia njia yake: chomeka mpira kwenye tundu la katikati, puliza kwa mdomo. Ulimi mzima unagoma. Ulimi mbovu unapitisha pumzi, unaisikia kwenye vitundu kwa kidole chenye mate. Nikamwambia tufanye basi. "Mwezi huu? Tufuturu kwanza." Baada ya tende na uji tukazipuliza nyingine mpya alizokuwa nazo kwenye begi, za bei tofauti, na mgawanyiko ukawa uleule. Njia hii huhitaji oili, wala biti, wala usiku mzima. Unaweza kuifanya kaunta kama muuzaji ana moyo mpana.

Kwa nini B inavuja ilhali mpira wake ni laini? Nimerudi kwenye ile B niliyoipasua wiki iliyopita. Nimepitisha kidole upande wa ndani wa bati la mdomo na nikakatika. Vile vitundu vimetobolewa kwa kupigwa na ncha zake hazikusuguliwa. Zimesimama kama meno, na moja ni ndefu kuliko wenzake. Ulimi unalala juu ya meno badala ya kulala juu ya bati. Ni kazi ya msasa wa sekunde tano, na hakuna aliyeifanya.

A ni habari nyingine. Ulimi wake ukiukunja unalia kama kifuniko cha plastiki.

Jumamosi, 5 Aprili: Baipasi, na hesabu niliyoikosea

Sikukuu imepita, mizani ya jikoni imerudi kwenye rafu, nimeiomba tena. (Mke wangu ameniuliza kama nitaiosha. Nitaiosha.)

Zote sasa zimepasuliwa. Nimesimamisha bolti butu juu ya mizani, nikashika mlango wa baipasi mkononi na kuukandamiza juu ya bolti hadi uanze kufunguka. Shida ni kujua lini hasa umeanza. Nimebana kipande cha risiti kati ya mlango na kiti chake na kukivuta taratibu huku nakandamiza. Kinapoachia, soma mizani.

F iliachia kwenye kilo 1.6. Nikapima sahani ya mlango kwa vernia: milimita 18, eneo sentimita za mraba 2.54. Gawanya, kisha geuza iwe bar, kipimo cha presha: bar 0.62. Filta nyingi za injini ndogo za petroli hupangwa kufunguka karibu na bar 1, kwa hiyo nikaanza kuandika kwamba hata ya wakala ni dhaifu. Nimekaa na sentensi hiyo siku mbili. Kilichonistua ni D, nayo ilitoka 0.57, karibu sawa na F. Mbili bora zote dhaifu kwa kiwango kilekile?

Kosa lilikuwa langu. Oili haisukumi sahani nzima, inasukuma sehemu iliyo juu ya tundu. Tundu ni milimita 14, eneo 1.54. Sasa F inatoka bar 1.02. D (kilo 1.48) inatoka 0.94. C, 0.8. B na E ziliachia kwenye gramu 400 hivi, yaani bar 0.25. Hiyo ni nyepesi mno: asubuhi oili ikiwa nzito, mlango uko wazi na sehemu ya oili inapita bila kuchujwa, karatasi ikiwa mpya kabisa.

Na A? A haina baipasi. Kuna bati lililopigwa muhuri kwa umbo la baipasi, duara na mbavu zake, ukilitazama haraka unaliona lipo. Halina springi, halisogei. Nimekandamiza hadi mizani ikaandika imezidiwa. Siku karatasi ya A ikiziba, oili haina pa kupita. Na karatasi yenyewe itaziba mapema, maana ina mikunjo 38 tu, sentimita 84 kwa 4.2, karibu 350 za mraba. F ina 648, D 626.

Gramu 243 za A zimetokea wapi, basi? Kopo nene na bati la mdomo nene. Uzito uko pale mkono wa mnunuzi unaposhika.

Jumamosi, 12 Aprili: B na E

Zilivuja sawa, baipasi zikaachia sawa. Leo nimeziweka ubavu kwa ubavu. Mikunjo 46 na 46. Namba iliyopigwa kwenye bati la mdomo ni ileile. Na lile jino refu kwenye kitundu, lipo kwenye zote mbili, kitundu cha tatu ukihesabu kutoka kwenye namba. Rangi ya kopo tofauti, boksi tofauti, stika inayong'aa. Tofauti ya bei 8,000.

Nimezibeba zote kwenye mfuko hadi dukani. Sikwenda kugombana. Muuzaji akazitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye jino, akakirudisha haraka.

"Bosi, mimi naletewa."

"Najua. Nataka uone tu."

Akaniambia hela hawezi kurudisha kwa filta iliyopasuliwa, nami nikaona ana haki. Akanipa tochi ndogo ya funguo kama pole. Nimeondoka nikiwa na tochi, na nimegundua ndiyo kifaa bora kwa kazi hii: mulika kwenye vitundu vya mdomo na unauona ulimi, rangi yake, kama umelala sawa au umeinuka upande.

Jumamosi, 26 Aprili: D kwenye gari, na hesabu ya gharama

Nimenunua D nyingine, 9,000. Kaunta nimemulika, nimepima tundu, nimepuliza. Vijana wa pale wamecheka sana, mmoja akaniuliza kama ni tarumbeta. Ulimi wa D ni wa silikoni, rangi ya chungwa, laini kama sikio. Kufunga ni kama kawaida: oili kwenye mpira wa mdomo, zungusha hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Ile ya zamani niliyoitoa nimeipasua pia. Ndugu wa B kweli, jino lipo.

Gharama hadi leo: filta za kwanza 61,500, marudio 15,500, D ya gari 9,000, vernia 8,000, kikata bomba 5,000, kifungulia kopo 3,500, jiwe la grenda 2,500, biti 1,500. Jumla 106,500. Ukiiga bila makosa yangu ya tarehe 9 na 15, ondoa 21,500.

Jambo ambalo kazi hii haikupima ni udogo wa uchafu unaonaswa, yaani maikroni. Kipimo hicho kina utaratibu wake, ISO 4548-12, na kinafanyika kwenye maabara ambapo oili yenye vumbi maalumu inazungushwa huku chembe zikihesabiwa. Bakuli na mizani ya keki haviwezi. Ninachosema kuhusu D ni kwamba imeundwa vizuri, siyo kwamba inachuja kuliko F.

Jumanne, 29 Aprili: Taa

Asubuhi tatu, video tatu: sekunde moja, moja na kidogo, moja. Kuchachatika hakuna. Nimemtumia fundi. Amejibu, "Pampu imepona yenyewe," na kikatuni cha kucheka.

Jumamosi, 14 Juni: D baada ya kilomita 4,900

Masika yote imepita nayo, foleni na madimbwi. Nimemwaga oili na kuipasua D kwa kikata bomba kilekile. Ulimi bado laini, unakunjika bila kulia. Gundi imeshika pote. Karatasi nyeusi, mikunjo imesimama, hakuna uliolala juu ya mwenzake. Nimeikunjua juu ya gazeti na kuiacha ijichuje juani, kisha nikapitisha sumaku: unga mwembamba kidogo wa kawaida, hakuna kipande cha chuma.

Lakini kwenye mikunjo minne ya upande mmoja kuna vitu vya bluu. Nilidhani ni rangi. Nimetoa kimoja kwa kibano, kikavutika kama bazoka na kurudi. Kina ukubwa wa punje ya mchele, upande mmoja bapa, upande mwingine una alama ya ukingo wa bati.

Ni gasketi ya tyubu. Ni ile niliyoipaka mimi kwenye sampo mwezi wa kwanza, nikabana tyubu kwa ukarimu ili isivuje. Iliyofurika kwa nje niliifuta. Iliyofurika kwa ndani sikuifikiria. Nimehesabu vipande kumi na moja vilivyofika kwenye filta, na kabla ya filta kuna ungo wa pampu, ambao siwezi kuuona bila kushusha sampo.

Nimeshapanga magogo chini ya gari. Fundi anakuja saa tisa na jeki.